Saratani ya titi iliyosambaa: swali lipi umuulize nani

Dada yangu aliporudi na majibu yanayosema saratani imefika kwenye mifupa ya mgongo na nyonga, swali la kwanza aliloulizwa nyumbani lilikuwa hili: "Kwa hiyo sasa una kansa mbili?" Aliyeuliza hakuwa na nia mbaya. Alijua kwamba miaka sita nyuma dada alitolewa titi, akapigwa mionzi, akanywa vidonge, akaambiwa yuko salama. Sasa kinachouma ni mgongo. Ukihesabu kwa vidole, hayo ni magonjwa mawili.

Ni ugonjwa mmoja. Seli zilizotoka kwenye titi husafiri kwa damu au kwa mishipa ya limfu, zikatua mbali, na huko zinaweza kulala miaka kabla hazijaanza kukua. Zikichukuliwa zikapimwa maabara, huonekana kuwa ni seli za titi zilizohamia mfupani. Mara nyingi huelekea kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo, na kokote zinakofika huendelea kuitwa saratani ya titi na kutibiwa kwa dawa za saratani ya titi, hata kama titi lenyewe lilishaondolewa. Anayetafuta habari za "kansa ya mifupa" anaweza kukesha akisoma kuhusu ugonjwa ambao hana. Dada alikesha hivyo siku mbili.

Baada ya kuongozana naye kwa muda mrefu, nimeona kwamba habari zenyewe zipo tele, na watu wenye moyo wa kusaidia wapo. Kinachomchosha mgonjwa ni kubisha mlango usio wa swali lake. Anamuuliza shangazi jambo la daktari, anamsubiri daktari amjibu jambo ambalo mgonjwa mwenzake angelimaliza kwa dakika tano, na anauliza intaneti jambo ambalo hakuna anayelijua ila mtu aliyeshika faili lake.

Kabla ya milango hiyo, kuna lawama inayopaswa kuondolewa njiani. Kiswahili kina methali ya mficha maradhi, kwamba kilio kitamfichua, na mgonjwa wa saratani iliyosambaa huisikia hata isiposemwa. Huulizwa kwa nini alichelewa. Wapo waliochelewa kweli, kwa sababu nyingi ambazo si za kulaumiwa. Lakini wapo pia waliowahi, wakatibiwa kila hatua, na ugonjwa ukarudi baada ya miaka miwili, saba, au hata ishirini. Wengine hugunduliwa ugonjwa ukiwa tayari umesambaa tangu siku ya kwanza. Dada hakuficha chochote. Hakukosa hata kliniki moja.

Jambo la kwanza la kujua kwa uhakika ni jina kamili la saratani yako. "Hatua ya nne", yaani saratani iliyosambaa, ni nusu tu ya jina. Nusu ya pili iko kwenye karatasi ya maabara ya kinyama kilichochukuliwa, na mwenye kuisoma na kuifafanua ni daktari wa saratani. Karatasi hiyo inaeleza kama seli zina vipokezi vya homoni, yaani kama zinalishwa na estrojeni au projesteroni. Takriban wagonjwa 7 kati ya 10 wako kundi hili. Inaeleza pia kama seli zimejaza protini iitwayo HER2, hali inayopatikana kwa watu 15 hadi 20 katika kila 100. Zikikosa vyote vitatu, madaktari huziita hasi tatu, na hao ni 10 hadi 15 katika kila 100. Kuna pia swali la jeni za kurithi, hasa BRCA1 na BRCA2, ambalo linamhusu mgonjwa kwa ajili ya dawa na linawahusu ndugu zake wa damu kwa ajili ya uchunguzi.

Sisemi haya ili kumjaza mtu istilahi. Kila neno hapo lina dawa nyuma yake. Tamoksifeni, inayozuia estrojeni isishike kwenye seli, iliidhinishwa Marekani mwaka 1977. Trastuzumabu, inayolenga HER2, iliidhinishwa huko mwaka 1998, na aina iliyokuwa miongoni mwa zinazotisha zaidi ikawa aina ambayo baadhi ya watu huishi nayo miaka mingi. Mwaka 2015 vikaingia vidonge vinavyozuia protini za CDK4 na CDK6, vinavyotolewa pamoja na tiba ya homoni na kuuchelewesha ugonjwa kwa wagonjwa wengi wa kundi la homoni. Kwa hiyo jirani akikwambia kuna mtu alitumia dawa fulani akanyanyuka kitandani, uliza kwanza saratani yake ilikuwa ya aina gani. Bila jibu hilo, habari ile ni ya mtu mwingine, hata kama ni ya kweli yote.

Uliza pia kama itafaa kuchukua kinyama kipya mahali ugonjwa ulikohamia, inapowezekana kufikiwa bila hatari. Vipokezi hubadilika wakati mwingine. Saratani iliyokuwa na vipokezi vya homoni miaka sita iliyopita inaweza isiwe navyo leo, na tiba ikapangwa upya.

Mlango wa daktari una shida yake: muda ni mfupi na akili ya mgonjwa inakuwa imejaa. Dada alinunua daftari dogo la shule, lile la mistari, akaligawa kwa kulifungua kutoka pande mbili. Upande mmoja aliandika juu "Leo". Akiligeuza, upande wa pili aliandika "Bado". Kwenye "Leo" hayakuzidi maswali matatu, la muhimu likiwa juu, kwa sababu la nne huwa halifikiwi. Kwenye "Bado" yalikaa yale aliyojua yapo lakini hakuwa tayari kusikia majibu yake. Mimi nilikaa pembeni yake na kalamu. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya daktari kama alivyoyasema, bila kuyapamba, na kunyamaza. Hiyo ya kunyamaza ilinishinda mara mbili tatu.

Yapo maneno ya chumba kile yanayoeleweka vibaya. Daktari akisema ugonjwa "umetulia", mgonjwa anaweza kutoka akilia kwa kuwa haukupungua. Kwa saratani iliyosambaa, kutulia ni habari njema: dawa inafanya kazi yake. Lengo la tiba hapa kwa kawaida ni kuudhibiti ugonjwa na kuyalinda maisha ya kila siku, kwa dawa moja hadi itakapochoka, kisha nyingine. Ndiyo, ikichoka, dawa ndiyo iliyochoka. Nimesikia watu wa hospitali wakisema "mgonjwa amefeli dawa", na nikaona uso wa dada ulivyobadilika. Hakufeli mtu. Kuhusu vipimo vya damu vya alama za saratani kama CA 15-3, namba inaweza kupanda na kushuka kwa sababu mbalimbali, na haifai kutumika peke yake kuamua kubadili tiba. Husomwa pamoja na picha za skani na jinsi mgonjwa anavyojisikia. Ukiijua namba hiyo Ijumaa jioni bila mtu wa kukufafanulia, Jumamosi na Jumapili yako zimekwisha.

Sasa lile swali kubwa, la muda. Watu wengi hulipeleka kwenye intaneti usiku, na huko wanakuta namba moja iliyosimama peke yake. Namba hiyo kwa kawaida ni ya katikati. Wapange watu 101 kwenye mstari, kuanzia aliyeishi muda mfupi zaidi hadi mrefu zaidi, kisha umwangalie wa 51. Muda wake ndio unaoandikwa. Hamsini walio mbele yake waliishi zaidi, na baadhi yao mara kadhaa zaidi. Tena mstari ule umechanganya aina zote, umri wote, na watu walioanza tiba kabla dawa za sasa hazijakuwepo. Namba ile inauelezea mstari. Mahali pako wewe kwenye mstari haipajui.

Anayeweza kukaribia jibu lako ni daktari anayekutibu, na namna ya kumuuliza ina uzito. Ukiuliza "nimebakiza muda gani?" unamlazimisha ataje namba moja au akwepe. Ukiuliza "kwa watu wenye hali kama yangu, mambo yakienda vizuri inakuwaje, yakienda kwa kawaida inakuwaje, na yakienda vibaya inakuwaje?" unampa nafasi ya kusema ukweli wote, na unabaki na matumaini na mipango mkononi kwa pamoja. Na una haki ya kutouliza. Mgonjwa anaweza kumwambia daktari wazi: "Mambo ya muda sitaki kuyajua sasa, nikitaka nitauliza." Ndugu hawana haki ya kumuulizia mlangoni akiwa ameshatoka.

Mlango wa muuguzi hupitwa mno. Nesi wa kitengo cha saratani ndiye anayejua kichefuchefu kinatulizwaje, vidonda vya mdomo vinasukutuliwa na nini, ganzi ya vidole ianze kuripotiwa lini, na namba gani ipigwe saa nane za usiku. Mfamasia naye aulizwe kuhusu kila kitu kinachomezwa, pamoja na mitishamba na vidonge vya kuongeza nguvu. Wagonjwa huficha mitishamba kwa kuogopa kukaripiwa, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu baadhi huongeza au hupunguza nguvu ya dawa mwilini. Hata balungi, tunda lisilo na kosa lolote, linakatazwa kwa watumiaji wa baadhi ya vile vidonge vya CDK4/6 kwa kuwa hupandisha kiwango cha dawa kwenye damu. Na kabla ya kuanza dawa za kuimarisha mifupa, kama asidi ya zoledroniki au denosumabu, meno yakaguliwe. Dawa hizo zinaweza, kwa watu wachache, kuuharibu mfupa wa taya, hasa baada ya kung'oa jino. Sisi hatukuambiwa hilo mapema. Tulilisikia kwa mgonjwa mwenzetu kwenye benchi.

Yapo mambo ambayo hayasubiri mlango wowote isipokuwa wa dharura. Homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati wa tiba ya kemo inaweza kuwa maambukizi ambayo mwili hauna askari wa kupambana nayo. Maumivu mapya ya mgongo yakiambatana na miguu kulegea, ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo na choo, yanaweza kuwa uti wa mgongo umebanwa, na hapo saa chache zinaweza kuamua kama mtu ataendelea kutembea. Kiu kali isiyoisha, kufunga choo na kuchanganyikiwa kunaweza kumaanisha kalsiamu imepanda kwenye damu. Kupumua kwa shida kulikoanza ghafla pia hakusubiri asubuhi. Andika haya mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anayaona.

Mlango ninaotamani watu waubishe mapema zaidi ni wa tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso mengine ya ugonjwa. Jina hilo hutisha. Ikitamkwa rufaa ya tiba shufaa, familia hulia, kana kwamba sanda imeshanunuliwa. Huduma hii ya kisasa ilianzia kwa watu waliokaribia kufa. Daktari wa Uingereza, Dame Cicely Saunders, alifungua St Christopher's Hospice, London, mwaka 1967, akasisitiza kwamba maumivu ya mgonjwa huwa na mwili, moyo, watu wake na imani yake kwa pamoja. Lakini tangu hapo huduma imesogea mbele kabisa, karibu na siku ya majibu. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopewa tiba shufaa tangu mwanzo pamoja na tiba yao ya kawaida walikuwa na maisha bora zaidi, sonona iliyopungua, na waliishi muda mrefu zaidi kwa wastani wa miezi kama mitatu. Ile ni saratani nyingine, na siwezi kuichukua miezi hiyo nikaipachika kwenye titi. Kinachohamishika ni hiki: kutuliza maumivu mapema hakukumnyang'anya mtu siku zake.

Na mofini, dawa ya maumivu makali. Dada aliikataa wiki tatu akiamini ni dawa ya kuagia. Alikuwa halali, amekunja magoti upande mmoja hadi alfajiri. Daktari wa tiba shufaa alimweleza kwamba kipimo huanza kidogo na kupandishwa kwa utaratibu, kwamba ikitumiwa hivyo haimharakishii mtu kifo, na kwamba kitakachomsumbua kwa hakika ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Usiku wa pili alilala saa sita mfululizo. Asubuhi alidai nywele zisukwe.

Kisha kuna mlango wa wagonjwa wenzako, na hapa kuna historia inayofaa kujulikana. Mwaka 1989 daktari wa akili wa Marekani, David Spiegel, na wenzake walitoa matokeo ya wanawake 86 wenye saratani ya titi iliyosambaa. Waliokutana kila wiki kwa mwaka mzima, wakizungumza waziwazi kuhusu hofu, familia na kifo, waliishi wastani wa miezi 36.6, na wale wa kundi la kulinganisha 18.9. Habari ilienea kama moto wa nyikani. Mwaka 2001 utafiti mkubwa zaidi wa Kanada, wa wanawake 235, ulitoa jibu jingine: vikundi havikurefusha maisha. Vilipunguza huzuni na maumivu, hasa kwa walioingia wakiwa na mzigo mzito zaidi moyoni.

Mimi huyapenda matokeo ya pili kuliko ya kwanza. Yanamwondolea mgonjwa deni. Asiyetaka kukaa kwenye duara na kuongea hapunguzi siku zake, na anayekwenda aende kwa sababu anatoka mwepesi. Yale yale niyasemee maneno ya "pambana" na "fikiri chanya". Hakuna seli inayokua kwa sababu mtu alilia. Anayemwambia mgonjwa asilie anajilinda mwenyewe.

Ila kikundi kichaguliwe. Mchanganyiko wa waliomaliza tiba ya hatua za mwanzo na wenye saratani iliyosambaa unaweza kuumiza pande zote mbili. Wale wanasherehekea kumaliza. Huyu hana siku ya kumaliza. Wale wanamtazama yeye na kuona wanachokiogopa. Dada alitoka kwenye kikundi cha kwanza baada ya kuombwa asisimulie habari zake kwa sababu zinavunja moyo wengine. Alipompata mwanamke mmoja tu mwenye saratani kwenye ini, walianza kupigiana simu kila Jumatano, na nilimsikia akicheka kwa sauti aliyokuwa nayo zamani. Mmoja anatosha. Ujue pia kwamba ndani ya kikundi cha wenye saratani iliyosambaa watu hufariki, na pawe na utaratibu wa kuomboleza pamoja badala ya jina kupotea kimyakimya.

Upweke wa wagonjwa hawa una mizizi hadi kwenye takwimu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 2.3 waliogunduliwa na saratani ya titi mwaka 2022, na vifo 670,000. Lakini daftari nyingi za takwimu za saratani huandika siku ya kugunduliwa na siku ya kufa. Ugonjwa kurudi hauandikwi. Watu wanaoishi katikati ya tarehe hizo mbili hawahesabiki sawasawa. Ndicho kimoja cha vilio vya ABC Global Alliance, muungano wa kimataifa unaoshughulika na saratani hii pekee, uliotoa malengo 10 mwaka 2017: takwimu bora zikusanywe, na wagonjwa wanaoweza kufanya kazi walindwe na sheria. Wanaume nao wamo humu, takriban 1 katika kila 100, na upweke wao ni wa peke yake kabisa.

Mlango wa ndugu ni wa mikono zaidi kuliko wa maneno. "Ukihitaji chochote sema" humwongezea mgonjwa kazi ya kufikiria. "Jumanne nitakupeleka kliniki na watoto nitawachukua mimi shuleni" haimwongezei kitu. Watoto waambiwe kwa maneno ya umri wao, neno saratani likitajwa, na waambiwe wazi kwamba hawakuisababisha. Wakifichwa hujaza pengo wenyewe, na wanachojaza mara nyingi ni kibaya kuliko ukweli.

Intaneti niipitie haraka. Tazama tarehe, kwa sababu makala ya miaka kumi iliyopita inazungumzia dawa nyingine. Tazama kama inataja aina ya saratani. Tazama kama mwishoni kuna kitu kinauzwa. Ukiona majaribio ya tiba mpya yanayotafuta washiriki, mpelekee daktari uulize kama unakidhi masharti, majaribio yako hatua ya ngapi, na ziara za ziada hospitalini ni ngapi.

Maswali ya upande wa "Bado" hayakukaa huko milele. Moja moja dada aliyavusha: la muda, la watoto, la mahali anapotaka kuwa mwisho ukifika. La mwisho aliliandika upande wa "Leo" kwa kalamu nyekundu, na siku hiyo alilisoma kabla daktari hajakaa sawasawa: "Nitajuaje kwamba dawa inanichukulia zaidi ya inavyonipa?" Daktari aliweka faili pembeni. Alimuuliza siku njema kwake ikoje. Dada akasema ni siku anayoweza kukaa nje jioni na kula na watoto. Basi, akasema daktari, kila mzunguko tutahesabu jioni hizo, na zikiwa chache kuliko siku za kulala utaniambia, nami nitakwambia ninachokiona kwenye skani, kisha tutaamua pamoja kuendelea, kupumzika au kuacha. Niliandika maneno hayo kama alivyoyasema. Chini yake dada amechora mistari midogo ya kuhesabia, mitanomitano, na mzunguko huu imefika kumi na saba.